Mama atakuja na nani? Minyororo ya gari la matope na safari ya kwenda kujifungua

SEHEMU YA 1: Kwa nini gari, si dawa

 

Tangu niweke ile picha ya gari letu limejaa tope mpaka kwenye taa, maswali hayaishi. "Nesi, hicho ni kifaru?" "Hiyo ni boti au trekta?" Dada mmoja akaandika kwamba bora hizo hela zingenunua dawa. Nimeona nijibu yote kwa utulivu, sehemu kwa sehemu, maana wiki hii niko zamu ya usiku na ninaandika pale wodi inapotulia.

Naanza na huyo wa dawa, maana swali lake ni la haki.

Sisi tuko bonde la Kilombero. Mnaolijua mnajua. Kuanzia mvua zinapochanganya hadi mavuno, familia nyingi zinahama nyumba za kijijini na kwenda kuishi shamba, kwenye madungu, kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe pori. Baba anahama, mama anahama na mimba yake, watoto wanahama. Miezi inapita. Masika ikikolea, kati ya dungu na zahanati kunakuwa na maji yaliyotuama, matete, majaruba na udongo mweusi ule unaovuta ndala mpaka unaiacha humo. Kilomita 9 ambazo kiangazi bodaboda anazimaliza kabla hujamaliza kusimulia, masika zinakuwa safari ya nusu siku.

Chuoni tulifundishwa kwamba mama mjamzito huponzwa na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Dawa inatibu ule wa tatu. Dawa ya kuzuia damu iko kwenye friji yangu hapa, ninaiona. Lakini mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa 2 asipopata msaada. Friji haina miguu.

Masika moja aliletwa mama aliyejifungulia dunguni na kondo likakataa kutoka. Mtumbwi ulimvusha kipande, halafu wanaume sita wakambeba juu ya kitanda cha kamba, tope limewafika mapajani. Saa 5 nzima. Mama alifika mikono ya baridi, tukampigania, tukampata. Mtoto hatukumpata. Alizaliwa mzima na alilia, bibi yake aliniambia. Ila njiani kila mkono ulikuwa kwenye kitanda. Mtoto aliwekwa kwenye kanga pembeni ya miguu ya mama, mvua inanyesha, na hakukuwa na mtu hata mmoja wa kumkumbatia kifuani. Alifika amepoa.

Wale wanaume hawakukosea chochote, walifanya kazi ya mashujaa. Ila naomba mkumbuke hiyo mikono. Tutaihitaji huko mbele.

SEHEMU YA 2: Gari lenyewe, na hesabu ya majivu

Sasa gari. Kuna wahisani walituletea gari dogo, limetumika kidogo, la kutembea nchi kavu na majini. Halina milango. Mwili wake ni kama beseni kubwa la plastiki ngumu, limezibwa chini lisiingize maji, na lina magurudumu 8, manne kila upande. Magari ya namna hii yanatumika sana nchi za baridi kama Canada, kwenye theluji na vinamasi. Halina usukani wa kukunja matairi kama gari la kawaida. Ukitaka kwenda kushoto, unapunguza mwendo wa magurudumu ya kushoto, ya kulia yanasukuma, linageuka lenyewe. Majini matairi yanafanya kazi ya kafi, taratibu sana, mwendo wa mtu anayetembea.

Siku ya kwanza tulifurahi. Siku ya pili likanasa.

Likanasa kwenye udongo wetu ule mweusi, magurudumu yote 8 yanazunguka na gari linakaa tu kama kuku anayeatamia. Wahisani wakasema hapo dawa ni minyororo, yaani ile mikanda mipana inayozungushwa juu ya magurudumu, kama ya katapila. Walikuwa tayari kununua seti moja. Moja tu, na ya kuchagua sisi. Ikaundwa kamati: mwenyekiti wa kijiji, dereva, fundi, mzee mmoja wa mitumbwi, na mimi.

Najua kuna mama hapa anawaza, mnyororo mzito unawezaje kulifanya gari lisizame? Mimi pia niliuliza hivyohivyo. Dereva wetu akanionyesha kwa majivu. Alimwaga majivu sakafuni, akapitisha gari likiwa na watu, akaniambia, "Nesi, lete futikamba yako ya kupimia matumbo." Nikaleta. Tukapima alama ya kila tairi. Sentimita 25 kwa 20, matairi 8, jumla sentimita za mraba 4,000. Gari na watu wake, bila minyororo, lilikuwa kama kilo 850. Gawanya: kila eneo la ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo linabeba kama gramu 210.

Halafu minyororo. Mmoja unagusa ardhi urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 45. Miwili ni sentimita za mraba 18,000. Hata ukiongeza uzito wa minyororo yenyewe na jumla ikafika kilo 1,000, kila ukucha unabeba gramu 56 tu.

Nikamwambia, haya, nipime na mimi. Mguu wangu umekanyaga kama sentimita za mraba 225. Mtu wa kilo 70 anapotembea, kuna muda uzito wote uko mguu mmoja. Hiyo ni gramu 311 kwa kila ukucha.

Rudia kusoma hapo mama. Gari la kilo elfu moja lenye minyororo mipana linaikandamiza ardhi mara tano pungufu kuliko mama mjamzito anayetembea peku. Ndiyo maana yeye anazama mpaka magotini na gari linapita. Bibi zetu walijua siri hii zamani: mkeka ukitandazwa juu ya tope, mtoto anatambaa juu yake bila kuzama.

SEHEMU YA 3: Mpira au plastiki

Tukaletewa aina mbili za kuchagua.

Ya kwanza ni ya mpira, yenye vyuma ndani vya kuipa nguvu. Ni tulivu, haipigi kelele, inashika vizuri kwenye mawe na changarawe, na haiharibu barabara sana. Ila ni mizito. Yetu ilipimwa kwenye mizani ya mpunga ikasoma kilo 130 kwa miwili.

Ya pili ni ya plastiki ngumu, vipande vipande vilivyounganishwa kwa boliti. Kilo 80 kwa miwili. Plastiki ya aina ile inaelea majini, wakati mpira wenye chuma unazama. Kipande kikivunjika unafungua boliti, unaweka kingine, maisha yanaendelea. Ila kwenye mawe inateleza kama mtu aliyevaa soksi kwenye vigae, na kelele zake hata ng'ombe wanakimbia.

Mgeni mtaalamu alipendelea ya mpira, na sababu zake zilikuwa nzuri. Inadumu zaidi kwenye njia ngumu. Fundi akamuunga mkono. Mwenyekiti akasema tuchukue ya mpira kwa sababu inaonekana imara, "hata mtu akiiona anaheshimu."

Mzee wa mitumbwi alikuwa kimya muda wote, anachora chini kwa kijiti. Akainua kichwa akauliza, "Njia yenyewe ni ipi?"

Kimya.

Akatuchorea. Kutoka madungu ya mbali mpaka barabara ya changarawe: kipande cha kwanza maji yaliyotuama yenye matete, cha pili majaruba, cha tatu tope zito, halafu maji tena, halafu ndiyo changarawe. Changarawe yenyewe ni kipande kifupi kuliko vyote, na pale gari la wagonjwa la kawaida linafika. "Sasa," akasema, "mnanunua viatu vya njia ya dakika kumi au vya njia ya saa mbili?"

Akaongeza jambo lingine ambalo nimelibandika ukutani. Gari hili lisivuke mto mkuu kamwe. Maji yaliyotuama sawa, maji yanayokimbia hapana. Majini lina mwendo wa mtu anayetembea, mto wetu ukiwa umejaa una mwendo wa mtu anayekimbia. Nani atashinda hapo? Mtoni kuna daraja na kuna wenye mitumbwi wanaoujua. Kila chombo na pahala pake.

SEHEMU YA 4: Kiti cha nne

Hapa ndipo niliposimama mimi, na hapa ndipo wengi wenu mtanielewa kuliko kamati ilivyonielewa.

Magari mengi ya magurudumu 8 ya aina hii hubeba watu 6 nchi kavu, lakini 4 tu yakiwa majini. Ukizidisha, beseni linazama chini, maji yanakaribia ukingo, na wimbi dogo tu linaingia. Na uzito wa minyororo unahesabiwa humohumo, kama abiria asiyelipa nauli.

Kwa gari letu tulikubaliana mzigo wote majini usizidi kilo 340, minyororo ikiwemo. Nikaomba ubao na chaki.

Minyororo ya mpira: 340 toa 130, zinabaki 210.
Minyororo ya plastiki: 340 toa 80, zinabaki 260.

Halafu nikaandika watu. Dereva 65. Nesi 60. Mama mjamzito 70. Hao ni 195. Kwa mpira zinabaki kilo 15, unaweka mkoba wa kujifungulia na dripu, basi, umejaa. Kwa plastiki zinabaki 65. Anaingia mtu wa nne wa kilo 55, na mkoba wa kilo 10.

Mgeni akasema kwa upole, "Lakini huyo wa nne si lazima. Nesi yupo."

Jamani. Nesi yupo, ndiyo. Nesi mkono mmoja uko kwenye tumbo la mama unasugua mji wa mimba usiachie damu, mkono mwingine umeshika dripu juu. Dereva mikono yake iko kwenye usukani. Mama amelala ubavu wa kushoto, na katika tope lile gari linayumba, anahitaji mtu wa kumshikilia asibingirike. Na mtoto akizaliwa njiani, nani anamshika? Nikawaeleza habari ya ile mikono sita kwenye kitanda. Mwenyekiti alikuwa mmoja wa wale wanaume. Akainama.

Mtu wa nne ndiye kifua cha mtoto. Ngozi kwa ngozi, kanga juu, kofia kichwani, hiyo ndiyo inkubeta ya njiani. Mtu wa nne ndiye anayeweza kutoa damu tukifika hospitali. Ndiye anayemjua mama, anayemwambia "mwanangu, niko hapa" wakati nesi ana kazi. Shirika la Afya Duniani lenyewe linapendekeza kila mama awe na msindikizaji anayemtaka yeye wakati wa uchungu. Hawakuandika "isipokuwa kwenye tope."

Tulijaribu kwa magunia ya mpunga, siyo kwa watu. Tukapakia kilo 260 na minyororo ya plastiki, likaelea sawasawa, ukingo uko juu ya maji kiganja na nusu. Tukaweka ya mpira na mzigo uleule, jumla ikapita kiwango kwa kilo 50. Liliondoka, ndiyo, lakini lilipogeuka tu maji yakachungulia ndani. Mzee wa mitumbwi akasema, "Toeni."

Tukachagua plastiki.

SEHEMU YA 5: Mabaya yake, msije kusema nimewaficha

Sitaki mtoke hapa mkidhani tumepata gari la malaika.

Mwezi wa kwanza vipande vitatu vilivunjika, vyote kwenye ile changarawe fupi. Sasa tuna sheria: gari linaishia ukingoni mwa changarawe na mama anahamishiwa gari la kawaida. Kuhamisha kunachukua dakika, na kwenye mvua dakika ni ndefu.

Minyororo inafanya gari liwe zito kuendesha, linakula mafuta zaidi na injini inachemka. Mwendo unapungua. Na ili minyororo ikae vizuri, upepo wa matairi yote lazima uwe sawa, maana tairi moja ikiwa ndogo kuliko mwenzake zinavutana na minyororo inakwisha upesi. Dereva anapima kila asubuhi, kama mimi ninavyopima presha.

Halafu mtikisiko. Gari hili halina springi, matairi laini ndiyo godoro lake. Ukishafunga minyororo na kujaza upepo, godoro linakuwa gumu. Tumeweka sponji nene chini ya machela, lakini mama mwenye uchungu bado anasikia kila tuta.

Udongo nao unajibana kati ya vipande, na mabua ya mpunga yanajizungusha kwenye ekseli. Kila safari ikiisha, kijiti na maji, hata kama ni saa 9 usiku. Na linapogeuka linachimba. Tulipita jaruba la mzee mmoja tukamvunjia tuta, akaja analalamika, na alikuwa na haki. Kijiji kikakaa, kikachora njia moja ya kupita, na gari haligeuki ndani ya shamba la mtu.

Kiangazi tunafungua minyororo yote, kazi ya nusu siku, gari linatembea na matairi tu. Minyororo inalala kivulini, jua lisiichoshe bure.

Na jambo moja la usalama ambalo nalisema kwa herufi kubwa: MAJINI MGONJWA HAFUNGWI KWENYE MACHELA. Nchi kavu tunafunga mikanda, tukifika ukingo wa maji tunafungua, kila mtu anavaa jaketi la kuokolea, hata dereva anayejua kuogelea. Chombo kikipinduka, mtu aliyefungwa hana nafasi.

SEHEMU YA 6: Wewe usiye na gari hili

Wengi wenu hamna gari la minyororo na hamtalipata. Mna bodaboda, bajaji, trekta ya jirani, punda, mtumbwi, au miguu. Hesabu ni ileile. Naomba leo jioni, baba akirudi, mkae mjibu maswali haya.

Njia ni ipi, kipande kwa kipande? Usiseme "tutachukua boda." Boda anaishia wapi mvua ikinyesha? Baada ya hapo nani anakupokea? Muulize anayepita njia hiyo kila siku, usimuulize anayeijua kiangazi tu.

Nani anakuja na wewe, na kiti chake kipo? Kwenye bodaboda ni wewe na dereva tu, msindikizaji anahitaji pikipiki ya pili. Hela ya ya pili imetengwa?

Mtoto akizaliwa njiani, kifua cha nani? Mkubaliane jina kabisa. Na mkoba uwe na kanga kavu mbili na kofia, vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa.

Nani ana namba? Tanzania piga 115, huduma ya m-mama, ni bure, wanaunganisha usafiri wa dharura kwa mama na mtoto mchanga. Iandike kwenye karatasi dunguni, siyo kwenye simu peke yake. Simu inaisha chaji.

Na swali kubwa kuliko yote: je, unaweza kuondoka mapema? Mama zangu mnaohamia shamba, gari bora kuliko yote ni kalenda. Ukiwa na mimba ya mapacha, ulishafanyiwa upasuaji, uliwahi kutokwa damu nyingi, au presha inapanda, usisubiri uchungu ukukute dunguni. Ikifika wiki ya 36 rudi kijijini kwa ndugu karibu na kituo, au kaa nyumba ya wazazi ngojea kama ipo. Mpunga utalindwa na wengine. Baba, hapo nakuangalia wewe.

Ukiona damu, maji yamepasuka, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, degedege, homa kali, au mtoto amepunguza kucheza, usingoje kupambazuke. Anza safari.

Jana usiku gari lilitoka saa 7, likarudi saa 11 alfajiri. Lilileta mama, dereva, nesi mwenzangu, na mama mkwe wa kilo zisizozidi 50, kalowa chapachapa, kanga kifuani imefungwa fundo. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Hakuitikia. Alifungua kanga kidogo akanionyesha kichwa cha mjukuu, akasema, "Mpime kwanza huyu."

Nyuzi joto 36.6.

Haya, niandikieni chini: kwenu njia inakatikia wapi masika, na nani anakusindikiza? Nitajibu nikitoka zamu. Sehemu ijayo tutazungumzia mkoba wa kujifungulia, nini kiwemo na nini ni kujaza tu.